Jinsi ya Kuchagua Skana ya Gari ya Bei Nafuu Ukiwa Nakuru, Kisumu au Magharibi mwa Kenya

Taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi, wengi hukimbilia mtandaoni kutafuta skana, yaani mashine ya kusoma hitilafu, na kuagiza ile ya kwanza yenye bei ndogo na picha nzuri. Wiki moja baadaye maswali yanaanza. Mbona haiwaki? Mbona simu haiioni? Mbona inasoma gari la jirani na langu inalikataa? Anauliza mwenye Fielder wa Kiamunyi, anauliza dereva wa Probox wa Ahero, anauliza mwalimu wa Mumias aliyenunua Demio juzi. Karibu kila mara chanzo ni kimoja: mnunuzi alitazama bei kabla ya kulitazama gari lake. Kwa hiyo tutaanzia chini ya usukani, dukani tutafika baadaye.

Uwe na hivi kabla ya kuanza

- Logibuku, au namba ya chasisi uliyoiandika kutoka kwenye gari lenyewe.
- Simu yenye chaji. Ujue kama ni Android au iPhone, maana jambo hili litaamua aina ya adapta, yaani kidude kinachounganisha gari na simu.
- Betri ya gari yenye nguvu. Betri iliyochoka huleta hitilafu za uongo ambazo zitakupotezea siku nzima.
- Daftari na kalamu, au kamera ya simu.
- Gari lenyewe. Usiende kununua skana ukiwa umeliacha nyumbani.

Hatua ya 1: Itafute soketi na uzitazame pini zake

Fungua mlango wa dereva, chuchumaa, umulike chini ya usukani kwa tochi ya simu. Unatafuta soketi ya plastiki yenye umbo la trapeza, upande mmoja mpana kuliko mwingine, yenye nafasi 16 katika safu mbili za nane nane. Kwenye magari mengi ya Kijapani iko juu kidogo ya magoti ya dereva, na kwingine imefichwa nyuma ya kifuniko kidogo.

Itazame upande mpana ukiwa juu. Safu ya juu inahesabiwa 1 hadi 8 kutoka kushoto, ya chini 9 hadi 16. Pini ya 16 huleta umeme wa betri, ya 4 na ya 5 ni za athi. Sasa angalia nafasi ya 6, na ya 14 iliyo chini yake moja kwa moja. Kama zote mbili zina vyuma ndani, kuna uwezekano mkubwa kwamba gari lako linatumia mawasiliano ya CAN, njia ya kisasa ambayo kompyuta za gari huzungumzia, na hapo hata skana ya bei ya chini ina nafasi nzuri ya kulisoma. Kama hizo mbili ni tupu na ya 7 ndiyo yenye chuma, gari linatumia laini ya zamani iitwayo K. Hapo uwe mwangalifu zaidi unaponunua. Piga picha ya soketi hiyo, kwa kuwa itakufaa dukani.

*Onyo:* Lori na mabasi mengi ya Isuzu yana betri mbili zinazotoa volti 24. Adapta nyingi za bei nafuu zimetengenezewa volti 12 na zinaweza kuungua papo hapo. Usichomeke chochote kwenye gari la volti 24 mpaka uone kwenye kifaa chenyewe kwamba kinakubali 24.

Hatua ya 2: Jua mwaka wa gari na soko lililotengenezewa

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Mfumo wa OBD-II, yaani kanuni za pamoja za kusoma hitilafu za gari kupitia soketi hiyo, ulikuwa lazima kwa magari ya Marekani kuanzia yale ya mwaka 1996. Ulaya iliulazimisha kwa magari ya petroli mwaka 2001, kisha kwa ya dizeli mwaka 2004. Japani ilikuwa na utaratibu wake, JOBD, na magari yetu mengi yalitengenezwa yauzwe Japani kwenyewe. Ndiyo maana unaweza kukuta gari la mwaka 2003 lina soketi ile ile ya pini 16, lakini ukilichomekea skana ya kawaida linanyamaza. Soketi ni sawa, lugha ni tofauti.

Sheria yetu ya kutoingiza gari lililopita miaka minane imerahisisha mambo kwa wanaonunua gari lililotoka bandarini karibuni. Hayo karibu yote ni ya CAN. Shida iko kwa yale yaliyoingia zamani na bado yanachapa kazi: Corolla 110, NZE121, Wingroad Y11, Sunny B15. Fielder ya NZE141 na NZE161 husomeka bila ugomvi. NZE121 mara nyingi huhitaji programu inayokuruhusu kuchagua Toyota ya soko la Japani kwa mkono. Kwa 110 nyingi, njia rahisi ni ile ya mafundi wa zamani ya kuunganisha pini mbili kwenye kisanduku kilicho chini ya boneti na kuhesabu jinsi taa inavyopepesa. Hiyo haihitaji skana hata kidogo.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji. Gari la soko la Japani halina ile namba ndefu ya tarakimu na herufi 17. Lina namba ya chasisi tu, kama NZE141 ikifuatwa na kistari na tarakimu. Skana inayojisifu kwamba "inalitambua gari yenyewe" hutegemea namba ile ya 17. Hakikisha unayonunua inakuacha uchague aina ya gari kwa mkono, na kama ni ya bei kubwa, iwe na orodha ya magari ya Japani ndani yake.

Hatua ya 3: Amua unataka kusoma nini

Skana za bei ya chini husoma kompyuta ya injini pekee. Kama shida yako ni taa ya injini, hiyo inatosha. Kama ni taa ya ABS (breki zisizokwama), ya mifuko ya hewa au ya gia, skana ya elfu mbili haitaiona kabisa, na haitakuambia kwamba haiioni. Itakuandikia kwamba hakuna hitilafu, nawe utaamini.

Zima gari, fungua swichi bila kupiga stata uone taa zote, kisha piga stata utazame ni taa ipi inayobaki baada ya injini kuwaka. Kwa gari la kitufe, swichi hufunguliwa kwa kukibonyeza mara mbili bila kukanyaga breki. Andika taa hiyo. Kama ile ya injini *inapepesa* ukiwa barabarani, punguza mwendo na uegeshe mapema iwezekanavyo: silinda haichomi, na petroli isiyochomwa inaenda kuharibu katalisti, kile kisafisha moshi kwenye eksozi.

Hatua ya 4: Chagua aina ya skana

Bei hizi ni za makadirio, hupanda na kushuka kulingana na duka.

*Adapta ya simu.* Kidude kidogo kinachochomekwa kwenye soketi na kuzungumza na simu kwa Bluetooth au waifai. Za chini kabisa huuzwa kati ya shilingi 800 na 2,000. Zilizotengenezwa vizuri, kama za Vgate au Veepeak, huwa kati ya 3,000 na 6,000. Kwa mtu mwenye gari moja la CAN na simu nzuri, hii ndiyo ninayompendekezea, na namwomba aongeze pesa kidogo achukue ile bora.

*Kisomaji cha mkono chenye skrini yake.* Ancel AD310, Konnwei KW850, Autel MaxiScan na jamaa zao, kwa kawaida kati ya 3,500 na 8,000. Hakihitaji simu, programu wala kuunganisha. Unachomeka, kinawaka, unasoma. Kama simu yako inasumbua, au skana itatumiwa na dereva uliyemwajiri, chukua hiki.

*Skana ya mifumo minne au zaidi,* inayosoma injini, gia, ABS na mifuko ya hewa. Launch na Foxwell wanazo, na bei huanzia kama 15,000 kwenda juu. Mtu mmoja mwenye Vitz hana haja nayo. Lakini wenye magari watano au sita wa chama kimoja, au wa mtaa mmoja kama Section 58 au Migosi, wakichanga wataipata kwa bei ya adapta kila mmoja. Ni mpango mzuri kuliko kila mtu kuwa na kidude duni.

*Tableti ya gereji.* Ni ya fundi. Mlipe fundi.

Hatua ya 5: Ukichukua adapta, ichunguze kabla ya kulipa

Adapta nyingi huandikwa ELM327. Hilo ni jina la chipu iliyobuniwa na Elm Electronics ya Kanada, kampuni iliyofunga milango mwaka 2022. Takriban zote unazoziona sokoni kwa bei ndogo ni nakala. Nakala si dhambi, zipo zinazofanya kazi vizuri. Ila matangazo yake usiyaamini: utaona "v1.5" imeandikwa kwa fahari ilhali Elm haikuwahi kutoa toleo la 1.5. Na nyingi za "v2.1" zimepunguzwa amri za ndani, hivyo hushindwa na magari ya laini ya K.

Angalia mambo haya:

- Simu ya iPhone haitaunganika na adapta ya Bluetooth ya kawaida. Inahitaji ya waifai, au ya Bluetooth 4.0 ambayo kwenye boksi imeandikwa wazi kwamba inafanya kazi na iPhone. Android hukubali zote, na Bluetooth ndiyo rahisi.
- Adapta isiwe ndefu kiasi cha kugonga goti la dereva. Hupigwa, soketi hulegea, na soketi iliyolegea ni kazi ya fundi umeme.
- Pini ziwe zimenyooka na plastiki isicheze ukiitikisa.

Hatua ya 6: Nunua mahali utakapoweza kurudisha

Maduka ya spea na ya vifaa vya umeme katikati ya miji ya Nakuru na Kisumu huwa na visomaji vya kawaida. Bei inaweza kuzidi ya mtandaoni kwa mia kadhaa, na mia hizo zinakununulia haki ya kujaribu kwenye gari lako pale pale nje ya duka. Ukiagiza Jumia au Kilimall, soma sharti la kurudisha kabla ya kulipa, na uijaribu siku ile ile inapofika. Ukimtuma mtu Luthuli jijini Nairobi, mpe picha ya soketi yako na namba ya chasisi. Usimwambie tu "nipatie ya Toyota."

Na usitume M-Pesa kwa muuzaji usiyemjua anayedai lazima ulipe yote kabla ya kuona mzigo.

Jaribio la dukani ni fupi. Chomeka skana wakati swichi imezimwa. Fungua swichi, kisha omba skana iunganike. Iombe isome misimbo ya hitilafu, halafu ifungue sehemu iliyoandikwa "Live Data". Piga stata. Mzunguko wa injini ukionekana ukipanda na kushuka unapogusa akseleta, skana na gari vinaelewana. Isipoonekana, rudisha, hata muuzaji akikuapia kwamba inasoma magari yote.

Hatua ya 7: Fanya usomaji wa kwanza ukiwa umetulia

Kwa adapta ya Android, unganisha kwanza kwenye mipangilio ya Bluetooth. Namba ya siri huwa 1234 au 0000. Weka programu kama Car Scanner au Torque, na uiruhusu kutumia mahali ulipo, maana Android nyingi za zamani bila ruhusa hiyo hazitafuti vifaa vya Bluetooth.

Soma, na *uandike kila msimbo kabla ya kugusa kitu kingine*. Fungua pia sehemu ya "Freeze Frame": humo kompyuta imehifadhi hali ya injini wakati hitilafu ilipotokea, yaani joto, mwendo na mzunguko. Wanaofuta msimbo kwanza hufuta na kumbukumbu hiyo, kisha humletea fundi gari lisilo na ushahidi wowote.

Herufi ya kwanza inakuonyesha eneo: P ni injini na gia, C ni chasisi ikiwemo ABS, B ni bodi ikiwemo mifuko ya hewa, U ni mawasiliano kati ya kompyuta. Tarakimu inayofuata ikiwa 0, msimbo ni wa kawaida kwa magari yote. Ikiwa 1, mara nyingi ni wa mtengenezaji, na maana yake itafute kwa jina la gari lako. Usichukue tafsiri ya Ford ukaipeleka kwa Nissan.

Kisha pima skana yenyewe. Swichi ikiwa wazi na injini haijawaka, tafuta kipimo cha shinikizo la hewa kama gari lako linakitoa. Usawa wa bahari ni kama kilopaskali 101. Kisumu, karibu mita 1,130 juu ya bahari, unatarajia kama 88. Nakuru, karibu mita 1,850, unatarajia 81 au 82. Ukiwa Nakuru ukasoma 101, ama sensa inadanganya ama programu inajaza namba ya kubuni, na ni heri kujua sasa. Voltaji nayo iwe zaidi ya 12 kabla ya kuwasha, na kati ya 13.5 na 14.7 hivi injini ikinguruma.

Hatua ya 8: Msimbo ukishaupata, usikimbilie spea

Msimbo hutaja dalili. P0171 husema mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli. Hausemi sensa imekufa. Nimeona Probox ikinunuliwa sensa ya oksijeni kwa sababu ya msimbo huo, ilhali bomba la mpira linalotoka kwenye kisafisha hewa lilikuwa na ufa upande wa chini, mahali ambapo ni mpaka ulikunje kwa mkono ndipo uone. Hewa ilikuwa ikiingia pale bila kupimwa. Bomba la mtumba lilimaliza kazi, na ile sensa mpya ikabaki kwenye gari bila sababu.

P0302 husema silinda ya pili haichomi. Kabla ya kununua koili, hamisha koili ya silinda ya 2 uipeleke ya 3, futa msimbo, endesha kidogo, soma tena. Ukirudi ukiwa P0303, koili ndiyo mbovu. Ukibaki P0302, tazama plagi, kisha nozeli. Jaribio hili ni la bure, na gharama utakayoiokoa inaweza kuzidi bei ya skana.

Wanaopanda kwenda Kericho au Mau Summit wakiwa na mzigo wanapata faida nyingine: joto la maji kwa namba halisi. Magari mengi madogo ya sasa yana taa ya bluu na nyekundu tu, na nyekundu huwaka maji yakiwa yamekwisha kuchemka. Acha abiria asome simu. Namba ikizoea kukaa 90 na leo inapita 100 ikiendelea kupanda, egesha mapema, na usifungue rejeta ikiwa moto.

Ukinunua gari la mtumba kwa mtu, beba skana. Tafuta umbali ambao gari limesafiri tangu misimbo ifutwe, "Distance since codes cleared". Kama muuzaji anasema gari halijawahi kuwa na shida na kipimo kinaonyesha kilomita 6, muulize nani aliyefuta, na kwa nini jana.

Mambo yakikwama

*Skana haiwaki kabisa.* Huenda pini ya 16 haina umeme. Angalia fyuzi, kwenye Toyota nyingi kuna iliyoandikwa OBD, na kwenye magari mengine soketi hushiriki fyuzi na ya kuwashia sigara. Badilisha kwa fyuzi yenye ampea zile zile, usizidishe.

*Adapta inawaka, programu haiunganiki.* Hakikisha swichi imefunguliwa. Funga programu nyingine zote za gari, kwa kuwa adapta huzungumza na moja tu kwa wakati. Kwa adapta ya waifai, zima data ya simu, kisha kwenye programu jaribu anwani 192.168.0.10 na mlango (port) 35000.

*Inaunganika na adapta lakini gari halijibu.* Chagua aina ya gari kwa mkono, ujaribu protokoli za ISO 9141 na KWP, zile lugha za laini ya K, moja moja. Ikikataa zote, ijaribu kwenye gari jipya zaidi. Ikisoma pale, adapta ni nzima na shida ni lugha ya gari lako.

*Msimbo unafutika na kurudi siku ile ile.* Hitilafu bado ipo. Acha kufuta.

*Taa ya ABS inawaka na skana inasema hakuna kitu.* Rudi Hatua ya 3. Tafuta fundi mwenye skana ya mifumo yote, mkubaliane bei ya kusoma peke yake, na mwombe akupigie picha ya skrini kabla hajaanza kufungua chochote.

*Betri imeisha asubuhi.* Adapta ilikesha kwenye soketi. Zile za bei ndogo hazilali, na yeyote aliye karibu anayejua 1234 anaweza kuunganika nayo. Ichomoe kila unapoegesha.